Viazi vya bibi havijanyauka, kikundi kinasema ni mchawi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa kijiji kimoja huku juu Uporoto, ukifika Isyonje unaacha lami unapanda. Kazi yetu ni viazi mviringo. Ukipita barabara ya Tukuyu ukaona lumbesa zimepangwa pembeni, ujue ndiyo sisi. Nakuandikia usiku baba watoto amelala, maana jambo lenyewe sijamwambia mtu.

Tuna kikundi cha akina mama 22. Tunaweka hisa kila Alhamisi, sanduku lina kufuli tatu, na mimi mhazini nashika ufunguo mmoja. Msimu huu tulisema tulime kweli kweli. Mwenyekiti wetu akampata mtu wa Fuso mwenye mbegu bei nafuu, tukanunua kwa pamoja, tukagawana. Kupanda na kupalilia tulisaidiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, majembe yale yale.

Viazi vilitoka vizuri mno. Vilipoanza kutoa maua ndipo balaa likaingia. Mchana unakuta shina limelala kama limemwagiwa maji ya moto, na majani bado ni ya kijani. Jioni linainuka kidogo. Siku ya tatu haliinuki tena. Ukichimba, macho ya kiazi yanatoa uteute na udongo umegandia hapo hapo. Tumepiga dawa ya ukungu mara mbili, hela imekwenda, hakuna kitu. Nilitegemea magunia 40, nimepata 6, na hayo nayo yanaozea stoo.

Sasa kuna bibi mmoja mjane, shamba lake liko juu yetu wote, karibu na msitu. Kwake halijalala hata shina moja. Ukisimama njiani unauona mpaka kwa macho, huku kahawia, kule kijani. Bibi huyu ana mambo yake. Jembe lake haazimi mtu. Ukikatisha shambani kwake, hasa mvua ikiwa imenyesha, anakufukuza kwa maneno. Mbegu anachagua zake mwenyewe, za kwetu alizikataa. Misimu miwili iliyopita tulimcheka alipopanda mahindi mahali ambapo kila mtu anajua viazi ndiyo vinalipa. Na siku moja, sisi viazi vyetu vina maua, alipita akasema, "Mmebarikiwa mwaka huu, mtashindwa hata kubeba." Wiki mbili baadaye mashina yakaanza kulala.

Mwanzoni hakuna aliyesema uchawi. Mtu mmoja tu aliuliza bombani, "Mbona la kwake zima?" Wiki iliyofuata likawa swali la kila mtu. Alhamisi iliyopita tumefungua kikao kwa sala kama kawaida, mwenyekiti akasema tumlete mtaalamu kutoka upande wa Sumbawanga, aje asafishe kijiji na kumwonyesha mhusika. Kila mtu 15,000, kwa kuanzia zitoke mfuko wa jamii, jumla 330,000. Akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Shangazi, mimi nimefika kidato cha nne, biolojia nilipata C. Siamini mambo hayo. Lakini niliangalia kulia, mikono juu, kushoto, mikono juu, nikashtukia na wa kwangu uko juu.

Kibaya zaidi, tangu siku ile nimeanza kuamini. Jana bibi alinisalimia vizuri tu, nikasikia baridi mgongoni. Mume wangu anasema dalili ya mvua ni mawingu. Nilimwendea mwalimu mmoja nikijua yeye atanisaidia, naye akaniambia sayansi haijui kila kitu.

Alhamisi hii natakiwa nifungue sanduku. Nifanye nini? Na mimi ni mjinga kwa kutoamini, au ni mjinga kwa kuanza kuamini?

Mhazini, Uporoto

*

Marahaba mwanangu. Pole na shamba. Magunia 6 kwa mtu aliyetegemea 40 ni msiba, na mtu aliye msibani hutafuta wa kumuuliza. Hilo naomba ulikumbuke unapowafikiria wenzako, maana hapa chini nitawasema.

Nianze na Alhamisi, ndiyo iliyo karibu. Ufunguo ubaki mfukoni mwako. Nchi hii ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, na kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa. Anayelipa ili mwenzake atajwe asidhani atakaa pembeni akitazama. Halafu vikongwe wameuawa Tanzania hii kwa maneno yaliyoanza kama ya kwenu, swali moja bombani. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kitu kingine, nenda kwa mtendaji wa kijiji, umwambie kimya kimya kwamba kuna maneno juu ya bibi. Na bibi asilale peke yake wiki hizi. Kama ana mjukuu, aje alale kwake.

Sasa viazi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekuta jibu umeliandika wewe mwenyewe bila kulisoma. Shina kulala mchana likiwa bado kijani, kuinuka jioni, kisha kulala moja kwa moja. Uteute kwenye macho ya kiazi na udongo kugandia hapo. Hizo ni dalili za mnyauko bakteria. Dawa ya ukungu haiugusi, kwa sababu bakteria si ukungu. Ukungu mliokuwa mnaupigia dawa ni baka chelewa, ugonjwa mwingine, nao una historia yake. Mwaka 1845 uliingia Ireland, viazi vikaoza nchi nzima, na watu kama milioni moja wakafa katika miaka ya njaa iliyofuata. Wapo waliosema ni adhabu ya Mungu, na wasomi wengi wakasema ni unyevu tu, ukungu unakuja baadaye kula kilichokwisha kuoza. Mchungaji mmoja wa Uingereza, Miles Berkeley, aliweka majani chini ya hadubini akasema hapana, ukungu ndio unaoua. Wengi hawakumkubali. Ilipita miaka 15 hivi hadi Mjerumani Anton de Bary alipolithibitisha, mwaka 1861. Nakutajia makusudi kwamba Berkeley alikuwa mchungaji, kwa sababu naona unajiuliza kama kukagua jambo ni kukosa imani.

Mimi niko Iringa, shina lako sijaliona. Kwa hiyo usiniamini mimi. Chukua glasi ya kioo, isiwe kikombe cha bati, ujaze maji safi yaliyotulia. Kata shina lililoanza kulala, karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Kishike au kining'inize ili ncha iliyokatwa iingie kidogo tu majini, usikitikise. Subiri dakika chache. Kama ni mnyauko bakteria utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka taratibu kutoka kwenye shina. Ni bakteria wenyewe wanatoka. Zisiposhuka, inawezekana nimekosea, na hapo ubebe shina na kiazi uende TARI, kituo cha utafiti wa kilimo pale Uyole, wakuangalizie. Si mbali na kwenu.

Turudi kwa bibi. Bakteria huyu husafiri ndani ya mbegu, kwenye udongo ulioshika jembe, kwenye buti, na kwa maji yanayoteremka. Haya, tuhesabu. Mbegu ya Fuso hakuinunua. Jembe haazimi. Wapita njia wenye tope anawafukuza, hasa mvua ikinyesha. Kabla ya viazi alipanda mahindi misimu miwili, na mahindi bakteria huyu hayapati. Shamba lake liko juu, maji yanatoka kwake kuja kwenu, hayatoki kwenu kwenda kwake. Kila mlichokiandika kwenye hati ya mashtaka ya bibi ndicho kilichookoa viazi vyake. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, Mungu anisamehe. Uchoyo wa bibi ni usafi wa shamba, na ukarimu wenu, leo kwangu kesho kwako, majembe yale yale, ndio uliosambaza ugonjwa. Hili linauma, najua. Tumelelewa kuamini ubaya hutoka kwa mbaya.

Lakini nikiishia hapo sitakuwa nimekujibu. Wenzako hawaulizi viazi vimeoza kwa nini. Wanauliza kwa nini vyetu na si vyake. Hayo ni maswali mawili. Mwingereza mmoja, Evans-Pritchard, alikaa na Wazande wa Sudan Kusini miaka ya 1920. Alikuta ghala likianguka na kuumiza watu waliokaa kivulini kwake, Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Mchwa hawabishaniwi. Wanachotaka kujua ni kwa nini ghala lianguke saa ile ile watu hawa wako chini yake. Hapo ndipo uchawi unapopata kazi. Mwalimu wako yuko sahihi kwamba sayansi haijui kila kitu, na kwa swali la "kwa nini mimi" mara nyingi haina neno la kumtuliza mtu. Ila safari hii inalo. Kwa nini nyinyi? Kwa sababu ya Fuso.

Na hapa nasema wazi: ndiyo maana watu hawataki kulisikia. Nani alimleta mtu wa Fuso? Mwenyekiti. Nani alihesabu hela? Wewe mhazini. Nani walikubali? Wote 22. Ikiwa ni mbegu, kikao cha Alhamisi kinageuka cha kulaumiana na huenda kikundi kikavunjika. Ikiwa ni bibi, ambaye si mwanachama, kikundi kinabaki kimoja, tena chenye umoja kuliko mwanzo. Sisemi mwenyekiti wako amekaa chini akapanga hivyo. Simjui, na mara nyingi mtu hapangi. Akili inaelekea tu pale isipouma, kama maji yanavyoutafuta mfereji.

Halafu ile kauli ya "mtashindwa hata kubeba." Bibi huyo anapita njia hiyo kila siku, na bila shaka amesifia mashamba ya watu tangu ujana wake. Siku alizosifia watu wakavuna vizuri nani aliziweka kichwani? Hakuna. Imebaki moja hii. Na neno lenyewe, kama limesemwa na jirani mnayempenda, ni baraka.

Sasa mkono wako. Ulinyanyuka, ukaona aibu. Mwaka 1951 Mmarekani Solomon Asch aliwaketisha wanafunzi wa chuo, akawaonyesha mistari na kuwauliza upi unalingana na huu. Swali la mtoto wa chekechea. Lakini kila kikundi kilikuwa na mwanafunzi mmoja tu wa kweli, wengine wote walikuwa wameambiwa wajibu uongo. Karibu robo tatu ya hao waliojaribiwa walifuata uongo angalau mara moja, na mstari uko mbele ya macho yao. Wewe hukuwa na mstari mbele yako, ulikuwa na shamba lililooza na wanawake 21 unaokopeshana nao, unaozikana nao. Ningeshangaa mkono ungebaki chini.

Mimi nami nina wa kwangu. Mwaka 2011 nilipanda gari kwenda Loliondo kwa Babu kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Wakubwa na wadogo walikwenda, nami sisemi habari ya dawa, nasema habari ya kichwa changu. Nilitoka nyumbani nikiwa na mashaka. Tulipofika kwenye foleni ya magari, kilomita kwa kilomita, watu wamelala chini ya miti, mashaka yaliniisha, na kikombe bado sijakiona. Foleni ndiyo iliyoniaminisha. Nilijiambia watu wote hawa hawawezi kukosea. Na wao, nadhani, walikuwa wanaangalia gari letu likija wakisema hivyo hivyo.

Na ile baridi ya mgongoni wazee wa Rungwe, majirani zenu hapo chini, wanaijua. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba waliita pumzi ya watu: majirani wakinung'unika juu ya mtu, pumzi yao humpata kama baridi, akaugua. Wao waliiona inamwendea aliyekosa. Wewe imekupata kwa sababu umekaa katikati ya wanaopumua.

Hutahitaji kubishana na kikundi kizima. Asch aligundua jambo jingine: akiwepo mtu mmoja tu anayesema kweli, yule mwanafunzi hupata nguvu na makosa hupungua sana. Mmoja tu. Kwa hiyo kabla ya Alhamisi tafuta mwanamke mmoja katika hao 21. Nina hakika yupo aliyenyoosha mkono akikutazama wewe.

Nikupe na mfano wa hapa kwetu Iringa. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa akisoma Magamba, kule Lushoto, na wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Maziwa yalichemshwa, yakasubiriwa yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo, Mpemba akaogopa kukosa, akaingiza yake ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa, haiwezekani. Akaja Mkwawa, hapa hapa Iringa, akauliza tena, wakamcheka, ikawa utani darasani kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Siku moja akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza mbele ya wote, na wenzake wakaona amewaaibisha. Osborne alimuuliza kama ana hakika, kisha akaahidi kujaribu. Aliporudi Dar alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba kweli ya moto yametangulia kuganda, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi!

Huyo fundi ndiye kikundi chako, na ndiye mimi kwenye foleni, ingawa alivaa koti la maabara. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo kwenye jarida la fizikia, na dunia ikaanza kuliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Ingeishia hapo ingekuwa hadithi tamu. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya kwa makini, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba ya moto yanatangulia. Wengine wanabisha hadi leo. Na wote hao wanabishana na vipimajoto mkononi, hakuna aliyemfuata Mpemba nyumbani kwake na fimbo.

Ndiyo maana nakuomba usiende kwenye kikao na neno "ujinga" wala "mimi nimesoma." Nenda nyumbani kwa mwenyekiti, asubuhi, wewe na yule mwenzako mmoja, na glasi. Usimwambie utaonyesha nini. Mwombe yeye akate shina kutoka shambani kwake, yeye mwenyewe alishike majini. Nyuzi zikishuka, nyamaza. Mpe nafasi ya kusema neno la kwanza, kwa sababu akilisema yeye halitakuwa tena la kumshtaki. Na umtangulie kukiri: mimi mhazini nililipa mbegu bila kuuliza imetoka wapi. Ukikiri wewe, yeye atakuwa na mahali pa kupita. Akileta Maandiko, mwambie Kumbukumbu la Torati 19:15 linataka mashahidi wawili au watatu ndipo jambo lithibitike, na mpaka sasa juu ya bibi hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Kuona shamba la kijani si ushahidi wa mtu.

Wakikataa kabisa, ufunguo wako bado uko mfukoni na mtendaji anajua. Huenda watakununia. Sitakudanganya kwamba kununiwa kijijini ni jambo dogo.

Zile 330,000 zikibaki, zina kazi. Magunia yanayooza stoo msiyafanye mbegu, na msiyauze kama mbegu kwa kijiji cha jirani, maana ndivyo yule wa Fuso alivyowafikia. Mashina yaliyolala yang'olewe pamoja na viazi vyake, yafukiwe mbali na mfereji. Viazi vipumzike mashambani humo, na nyanya, pilipili na bilinganya nazo zisiguse, ni ndugu zake kwa ugonjwa huu. Pandeni mahindi au ngano. Majembe na buti vioshwe tope lote, kisha jiki. Waulizeni Uyole mbegu safi mnaipata wapi.

Umeniuliza ni lini ulikuwa mjinga. Sioni siku hiyo kwenye barua yako. Naona siku moja uliyoogopa, na usiku mmoja uliokaa macho ukaandika.

Mambo yakitulia nenda kwa bibi umsalimie, umuulize nani alimfundisha kupanda mahindi kabla ya viazi, maana mimi mwenyewe ningependa kujua. Buti ziache njiani.